Namba Tatu Msiifute

Siku moja jina langu litaletwa hapo ofisini kwenu pamoja na siku niliyokufa, imeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi iliyochanwa kutoka daftari la shule. Atakayelileta atakuwa na macho mekundu, na atasema anataka vijitabu vya mazishi kabla ya Ijumaa kwa sababu tunazika Jumamosi. Huenda akawa mdogo wangu Harun. Mtamwambia akae, mtavuta kibodi, mtaanza kupiga. Mkifika kwenye orodha ya marehemu na ndugu zake, yakumbukeni maneno haya.

Nina ombi moja tu. Lakini siwezi kulitoa bila kuwaeleza kidogo juu ya kazi yenyewe ya kupiga chapa, maana niliifanya zaidi ya miaka thelathini katika kichochoro kile nyuma ya soko la Kakamega, na ni ndani ya kazi hiyo nilipofanya kosa ambalo sijaweza kulifuta.

Sikuisomea darasani. Niliacha shule kidato cha pili. Baba alitangulia, na mama akafuata kabla mahindi aliyopanda baba hayajavunwa. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nyuma yangu kuna wadogo wanne: Jescah, Shikanda, Harun na Lukasi. Mimi naitwa Ayuma. Watu wazima walikuwa wanagombana nje juu ya nani atalipa jeneza, kwa hiyo nilitumwa mimi mjini kupeleka majina ya kijitabu cha mama.

Mwenye ofisi alikuwa Mama Peris, mwanamke mnene aliyevaa miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Aliisoma karatasi yangu, akaangalia ile orodha.

"Namba moja ni nani?"

"Ni mimi."

"Wewe? Na huyu namba tano ana miaka mingapi?"

"Minne."

Aliingiza karatasi kwenye taipureta. Kisha akapiga taratibu, kila jina kwenye mstari wake: namba, nukta, nafasi mbili, jina. Alipokosea herufi moja ya jina la Shikanda hakuifunika kwa ile dawa nyeupe ya kufutia makosa. Alichomoa karatasi, akaanza ukurasa upya. Aliniambia, "Mtoto wangu, namba ya mtu kwenye karatasi ya matanga ni kiti chake. Hatuweki doa kwenye kiti cha mtu." Wiki moja baada ya mazishi nilirudi kumwomba kazi ya kufagia. Nilifagia miezi mitatu, ndipo akanikalisha mbele ya taipureta.

Ninyi hamtapiga kichwa cha habari kwa taipureta, na siwaonei wivu wala huruma. Ilikuwa hivi. Kama kichwa ni HISTORIA YA MAREHEMU, unahesabu herufi pamoja na nafasi zake. Ni ishirini. Unapeleka karatasi katikati, unarudi nyuma hatua kumi, ndipo unaanza kupiga. Ukihesabu vibaya, historia ya marehemu inaegemea upande mmoja kama nyumba ya mlevi. Nilijifunza kuhesabu kila kitu. Hata nyumbani.

Nyumbani niliwaita wadogo zangu kwa namba. Haukuwa ukali. Nilikuwa natoka kazini nimechoka, obusuma, ugali wetu, imeiva, sina nguvu ya kutafuta mtu mmoja mmoja. Nilisimama mlangoni na mwiko: "Mbili! Tatu! Nne! Tano!" Kila mmoja alikuja na sahani yake. Asiyeitika nilijua yuko mtoni au kwa jirani, nikamfuata. Jescah, Shikanda na Harun walikua wakaziacha namba zao. Lukasi, kitinda mimba wetu, hakuiacha. Leo ana mke na watoto na ng'ombe wawili, na kijiji kizima bado kinamwita Tano.

Shikanda alikuwa Tatu. Alipofika miaka kumi na tisa alipanda lori la wakata miwa. Alituma salamu mara moja kupitia mtu, kwamba amepata kazi nyingine mbali zaidi na atakuja Krismasi. Hakuja. Nilikwenda kambi za wakata miwa kuuliza, nikaandikisha taarifa polisi, nikabandika picha yake kwenye kituo cha magari mpaka mvua ikaila. Hakuna aliyemwona hai na hakuna aliyemwona amekufa. Kwa miaka mingi jioni niliendelea kuita: "Mbili! Tatu!" Hapo nilinyamaza kidogo. Kisha, "Nne! Tano!" Wadogo zangu waliinamisha macho wakisubiri ile nafasi ipite.

Kompyuta ilipokuja, Mama Peris alishatangulia mbele za haki na ofisi ikawa ya binti yake. Niliogopa ile mashine kwa mwezi mmoja, kisha nikaipenda. Jambo kubwa la kwanza lilikuwa mitindo ya vichwa. Nawaona vijana mkikoza maneno, mkiyakuza, mkiyapigia mstari, mkidhani mmeandika kichwa. Macho ya mtu yanaona kichwa, lakini kompyuta inaona maneno manene tu. Mpeni kichwa mtindo wake: Kichwa cha Kwanza, Kichwa cha Pili, kama vile mtu na mtoto wake. Hapo mashine inajua nani yuko chini ya nani. Inaweza yenyewe kukuandikia ukurasa wa yaliyomo, na ukibadilisha mtindo mara moja, vichwa vyote vinabadilika.

Na ukikosea mara moja, unakosea kila mahali. Hili nilifundishwa na kina mama wa kikundi kimoja cha Matete. Walileta katiba yao niipige. Mnajua sisi wa huku na hizo herufi mbili, R na L, moja inakalia kiti cha mwenzake. Mwenyekiti alinisomea kwa sauti, nami nikapiga nilichosikia. Sura ya tano nikaiandika KULA YA SIRI, nikaipa mtindo wa kichwa vizuri kabisa. Mashine ikaichukua ikaiweka kwenye yaliyomo, na juu ya kila ukurasa wa sura hiyo.

Walirudi siku ya tatu wakiwa wanane.

"Dada," mwenyekiti akaanza, "sisi tulitaka uchaguzi. Wewe umetuwekea karamu ya wachawi."

"Kwani mwanamke akitaka kula kwa siri," mwingine akadakia, "si abaki tu jikoni kwake? Anakujanga mkutanoni kufanya nini?"

Walicheka mpaka wa pili akakaa chini. Nilibadilisha herufi moja kwenye kichwa, nikaamuru yaliyomo yajisasishe, na kurasa zote zikapona mara moja. Nilijiona fundi. Nasema hivi ili mjue kuwa kuna siku kazi hii ilinichekesha, maana yaliyobaki hayachekeshi.

Orodha ndizo zilizonishinda. Sikilizeni vizuri hapa. Namba ambayo kompyuta inaweka yenyewe mwanzoni mwa mstari haimo kwenye maandishi. Jaribuni kuipelekea kishale, hakiingii. Haikuandikwa na mtu, inahesabiwa upya kila mara mnapofungua faili. Ndiyo maana kijitabu kikitoka kompyuta moja kwenda nyingine, au kikifunguliwa kwenye simu, namba zinaweza kuanza upya, au kuendelea mahali zilipotakiwa kuanza. Mwongozaji mmoja wa wageni kule msituni Isecheno aliniletea orodha ya miti, na kila mti nikauwekea kidoti mbele. Alipoifungua kwenye mashine ya kituo, vidoti vyote vikawa vijisanduku vitupu. Akanipigia simu: "Madam, hii miti yangu umeiwekea madirisha?" Hiyo ni kasoro ndogo. Mti haulalamiki.

Watu wanalalamika. Alikuja kijana wa makamo kutoka Chekalini, baba yake amefariki, mzee wa nyumba mbili. Alileta orodha mbili. Chini ya kichwa NYUMBA KUBWA watoto sita, yeye akiwa namba moja. Chini ya NYUMBA NDOGO watoto wanne, nao waanze na moja yao. Nilipiga hivyo. Lakini faili lilipofika kwa mwenye mashine ya kuchapa, orodha ya pili iliungana na ya kwanza. Nyumba ndogo ikaanza na saba. Hakuna aliyeangalia. Kijitabu kikachapwa, mchungaji akakisoma mbele ya watu wote: namba sita, namba saba, namba nane, bila kusita.

Yule kijana alinitukana kwa simu hadi salio lake likaisha. Hilo nililitarajia. Ambalo sikulitarajia ni mwanamke aliyekuja siku mbili baadaye, binti mkubwa wa nyumba ndogo, na kijitabu kimekunjwa ndani ya leso.

"Ni wewe uliniandika namba saba?"

Nikasema haraka, "Nisamehe sana, mama. Si mimi. Ni mashine ilikosea."

Uso wake ulisinyaa. Sikuelewa mara moja.

"Usiseme ni mashine," akasema. "Tangu nizaliwe tunahesabiwanga kando. Hata chakula cha sikukuu, sisi sahani zetu ni kando. Jumamosi nimesikia nikisomwa nikifuata kaka zangu, mbele ya kaburi la baba. Nikasema kuna mtu mahali fulani ametuona." Alikirudisha kijitabu ndani ya leso. "Sasa unaniambia hakuna mtu."

Akaenda zake. Nimewaza juu ya mama huyo mara nyingi. Kosa la mashine lilimpa kitu, na mimi kwa kuogopa lawama nikamnyang'anya kwa sentensi moja. Kabla hamjasema ni mashine, angalieni kwanza uso wa aliye mbele yenu.

Sasa nifike kwangu.

Nyanya yetu mzaa baba alifariki akiwa mzee sana. Kijitabu chake nilikipiga mwenyewe, mchana, ofisini, watu wakingoja. Baba mdogo Ingosi, ambaye ndiye aliyebaki mkubwa wa ukoo, alisimama nyuma ya kiti changu akisoma kwenye kioo. Tulifika kwenye wajukuu, nyumba yetu: Ayuma, Jescah, Shikanda, Harun, Lukasi. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Toa huyo."

"Nani?"

"Unajua nani. Toa."

"Baba mdogo, huyo ni mjukuu wake."

"Ayuma, nisikilize. Ukiliacha jina, watu watauliza yuko wapi, mbona hakuja kumzika nyanya yake. Ukiandika marehemu, watauliza kaburi lake liko wapi. Nilikwambia zamani tuzike mgomba, tumwombee, tumalize. Ukakataa."

Ilikuwa kweli. Kwetu, mtu akipotea kabisa, wazee wanaweza kukata shina la mgomba, wakalivika, wakalizika mahali pake ili roho za walio hai zitulie. Nilikataa mara mbili. Ningelizikaje shina na bado naita namba yake jioni?

"Basi," akasema, "kama si wa kuzikwa na si wa kuja, usimweke mbele za watu. Utamwaibisha nyanya yako."

Nilikuwa sijalala siku tatu. Nilikuwa nimepikia waombolezaji, nimesafirisha maiti, nimejibu simu za kila mtu, maana mkubwa hafiwi, mkubwa anapanga. Nilisogeza kishale mwisho wa jina la Shikanda. Nikabonyeza kufuta. Herufi zikaondoka moja moja, kisha mstari ukaondoka.

Vijana, hapo ndipo nawataka mtazame. Kwenye taipureta, ukimtoa mtu, doa linabaki. Utafunika kwa dawa nyeupe, lakini ukiinua karatasi kwenye mwanga utaona mahali alipokuwa. Ile orodha haikuacha hata ufa. Harun alipanda akawa tatu. Lukasi akapanda akawa nne. Ilikuwa haraka kuliko kupepesa jicho. Ungesema mama yangu alizaa watoto wanne tangu mwanzo. Ningeweza kurudisha, kitufe kilikuwa pale. Baba mdogo akasema, "Vizuri, endelea," nami nikaendelea.

Siku ya mazishi niliketi mbele na wanawake. Mchungaji akasoma wajukuu. Sikusikia kitu, nilikuwa nahesabu viti vya wageni. Mara nikavutwa mkono. Alikuwa Lukasi, mwanamume mzima na ndevu zake. Alinipeleka nyuma ya turubai, mahali masufuria yalipokuwa yakichemka. Kijitabu alikuwa amekifungua kwenye orodha ya wajukuu.

"Dada, amekufa lini?"

"Nani?"

"Usinifiche. Mimi si mtoto. Amekufa lini? Nani amekuletea habari?"

"Lukasi, unasema nini?"

"Humu ndani mimi ni wa nne!" Alipiga kijitabu kwa kidole. "Mimi ni Tano. Kama mimi ni wa nne basi kuna mtu ametoka. Umepata habari ukatuficha?"

Nilielewa kuwa tangu mchungaji aliposoma hadi pale, ndugu yangu mdogo alikuwa amekaa katikati ya watu akimlilia Shikanda peke yake.

Sentensi ilikuwa tayari mdomoni mwangu. Ni mashine. Ingeaminika. Nani angebisha? Nikamkumbuka yule mama wa Chekalini na leso yake.

"Hajafa," nikasema. "Yaani sijui. Hakuna habari. Ni mimi niliyemtoa."

"Wewe?"

"Mimi. Kwa mkono huu."

"Wewe ndiye ulikuwa unamwitanga," akasema. "Sisi tulitaka uache, tulikuwa tunaumia. Wewe ndiye ulikataa kuacha." Akakunja kijitabu mara nne, akakitia kwenye moto chini ya sufuria, akarudi kwa watu. Kwa karibu mwaka mzima, mtu akimwita Tano hakuitika. Alisema hajui tena yeye ni wa ngapi.

Niliendelea na kazi. Nilikuwa na karo za watoto wa Jescah, na zaidi ya hapo sikuwa na mahali pengine pa kwenda asubuhi. Lakini tangu siku hiyo, kila orodha ya familia niliyoipiga, niliweka namba kwa mkono. Nawaachia njia yake, inatosha kabisa. Mkiandika 1 na nukta na nafasi, mashine itadhani mnataka iwasaidie, itaichukua namba iifanye yake. Msigombane nayo. Bonyezeni Control pamoja na Z mara moja, hapo hapo. Itaiachia, na namba itabaki herufi kama herufi nyingine. Kishale kitaingia ndani yake. Haitajisogeza, si kwenye simu, si kwa mwenye mashine ya kuchapa, si mtu akifuta mstari wa juu yake. Majina yapangeni sawa kwa kitufe cha Tab, si kwa kugonga nafasi nyingi. Kisha hifadhini kama PDF kabla ya kumpa mtu yeyote. Vichwa wekeni kwa mitindo, ndiyo, vichwa havina mama. Lakini watu wahesabuni kwa mkono.

Macho yakanishinda, nikaacha kazi. Mwezi uliopita Lukasi alikuja kunipalilia viazi vitamu. Alipomaliza nikamwita ndani, nikampa karatasi. Ni ya kijitabu changu mwenyewe. Nimekipiga chote, imebaki siku ya kufa tu. Alitaka kukasirika, akasema nisijitabirie. Nikamwambia soma ukurasa wa pili.

Alikaa karibu na mlango penye mwanga. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akasoma kwa sauti ya chini.

"Moja, Ayuma. Mbili, Jescah. Tatu…"

Jina lilikuwa pale. Shikanda. Mbele yake hakuna neno marehemu, na nyuma yake hakuna kitu. Lukasi alinyamaza kidogo, muda ule ule tuliokuwa tukinyamaza na sahani mkononi.

"Nne, Harun," akasema. "Tano."

Kidole chake kilikaa pale.

"Sasa dada, siku hiyo Harun ndiye atapeleka hii mjini. Hao vijana wa siku hizi watapiga upya kwa mashine zao. Na baba mdogo bado yuko. Wakiambiwa watoe, watajuaje?"

"Nitawaandikia," nikamwambia.